Kidumu kimoja cha maji kinatosha: Jinsi ya kuanza picha nyeusi na nyeupe za filamu ukiwa Chiungutwa

Katika nyumba nyingi za Masasi na Newala, sanduku la zamani likifunguliwa, chini ya vitenge na kadi za kliniki hutokea picha ndogo nyeusi na nyeupe. Babu kasimama wima, mkono mmoja juu ya kiti. Bibi kakaa, hacheki, macho yote kwenye kamera. Picha ina miaka 40 au 50 na sura bado zinatambulika.

Picha za harusi ya mwaka juzi je? Zilikuwa kwenye simu. Simu ikaanguka kwenye ndoo, au ikaibiwa mnadani, au nywila imesahaulika. Zimekwenda.

Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya wapiga picha sehemu mbalimbali duniani warudi kwenye filamu, hasa filamu nyeusi na nyeupe ya saizi kubwa kidogo inayoitwa midiamu fomati. Wengi hudhani kazi hii inataka studio, umeme usiokatika na maji ya bomba muda wote. Kwa mtu wa Chiungutwa, wilayani Masasi, hoja ya maji ndiyo inayokatisha tamaa kuliko zote. Watu wa uwanda wa Makonde wanajua kuchota maji mbali na kukinga ya mvua kwenye bati.

Kumbe hesabu yake si kubwa. Filamu moja inaweza kusafishwa nyumbani kwa takriban lita 3 na nusu za maji. Kidumu cha lita 5 kinatosha na chenji inabaki.

Midiamu fomati ni nini?

Ni kamera zinazotumia filamu iitwayo 120. Filamu hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Kodak mwaka 1901 na inatengenezwa mpaka leo. Upana wake ni kama sentimita 6, na imeviringishwa pamoja na karatasi nyeusi mgongoni inayozuia mwanga.

Filamu ndogo ya milimita 35, ile iliyozoeleka miaka ya 1990, inatoa picha ya milimita 24 kwa 36. Kwenye kamera ya mraba ya 6 kwa 6, picha ni kama milimita 56 kwa 56. Eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo maana mikunjo ya uso, nyuzi za kitenge na majani ya mkorosho hubaki safi hata picha ikikuzwa.

Idadi ya picha inategemea kamera. Ya 6 kwa 6 inatoa picha 12. Ya 6 kwa 9 inatoa 8 tu. Ya 6 kwa 4.5 inatoa 15 au 16. Hakuna kupiga ovyo ovyo hapa: kila mbonyezo una gharama.

Nani alibaki na picha?

Picha za zamani za eneo hili zina historia yake. Mwaka 1906, muda mfupi baada ya moto wa Vita vya Maji Maji kuwaka kusini, mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na vijiji vya jirani. Alikuwa na kamera ya kutumia vioo, mashine ya kurekodi sauti na kamera ya picha za kutembea. Aliwapiga picha Wamakonde, Wayao na Wamakua, na mwaka 1908 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Mkusanyo wake ulikwenda Leipzig, Ujerumani.

Kwa maneno mengine, sura za mababu wengi wa huku zilihifadhiwa mbali na wajukuu zao.

Zanzibar mambo yalikwenda tofauti. Studio ya Capital Art ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kwa kuwa kumbukumbu zilitunzwa palepale Mji Mkongwe, watu waliendelea kuona mitaa na sura za miaka hiyo. Bamako, Mali, Malick Sidibé alitumia kamera za 6 kwa 6 kuwapiga vijana wa mtaani kwake. Mwaka 2007 kazi hiyo ilimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice, mpiga picha wa kwanza kuipata.

Jambo la kuzingatia ni negativu. Karatasi inaweza kuchanika au kufifia, lakini mwenye negativu anaweza kutoa picha nyingine. Anayesafisha filamu yake mwenyewe hubaki nayo nyumbani.

Kamera gani ya kuanzia?

Kamera nyingi za aina hii ni mtumba. Zilizo rahisi zaidi kwa anayeanza ni hizi:

- Holga: ya plastiki, ilianza Hong Kong miaka ya 1980. Bei chee, lakini lenzi yake haina ukali na mipangilio ni michache.
- Lubitel: ya Urusi, ina lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia. Nyepesi, na inamfundisha mtu mipangilio yote kwa mkono.
- Yashica Mat 124G: ya Japani, ilitengenezwa kuanzia 1970 hadi 1986. Lenzi nzuri, mwili imara, bei imechangamka.
- Rolleicord na Rolleiflex: za Ujerumani. Rolleiflex ya kwanza ilitoka mwaka 1929. Nzuri sana, ila ghali.

Kamera za lenzi mbili hushikwa tumboni na mpiga picha huangalia chini kwenye kioo. Picha hapo huonekana kushoto kulia. Mara ya kwanza mtu huchanganyikiwa: anataka kusogeza kamera kushoto, picha inakimbilia upande mwingine. Baada ya siku mbili tatu mkono unazoea.

Kushika kamera tumboni kuna faida moja ambayo simu haina. Uso wa mpiga picha haujifichi. Bibi anayekaa kwenye mkeka anaendelea kumwona mjukuu wake, anaendelea kuongea naye, na sura yake inabaki ya kawaida.

Kabla ya kutoa hela, mambo manne yakaguliwe. Shata ifunguke na kufunga kwenye kasi zote, hasa zile za polepole. Lenzi isiwe na ukungu unaofanana na utando wa buibui. Mlango wa nyuma ufunge vizuri usipitishe mwanga. Na kamera iwe ya filamu 120. Zipo za zamani zinazotumia 620, ambayo spuli yake ni nyembamba na filamu yake haipatikani kirahisi.

Filamu na bei yake

Filamu za 120 hazikai kwenye rafu za maduka ya kawaida. Wengi huagiza nje au humtuma mtu anayesafiri. Katika maduka ya Ulaya na Marekani, filamu moja nyeusi na nyeupe kwa kawaida ni kati ya dola 6 na 10, bila usafirishaji. Kwa picha 12, kila mbonyezo ni nusu dola au zaidi. Ni vizuri kulijua hilo mapema.

Kwa jua la Masasi, filamu ya ISO 100 au 125 ndiyo salama kuanzia. Zipo Fomapan 100, Kentmere 100 na Ilford FP4 Plus. Filamu za ISO 400 kama HP5 Plus na Tri-X ni nzuri kwa kivulini na ndani, lakini kamera nyingi za zamani shata yake inaishia 1/200 au 1/250. Saa 6 mchana juani, filamu ya 400 kwenye kamera hiyo inaweza kuzidiwa na mwanga.

Joto ni adui. Filamu isiachwe kwenye dashibodi ya gari wala juu ya kabati karibu na bati. Ikae sehemu ya baridi ndani ya kopo lililofungwa. Na anayeibeba kwa ndege aiweke kwenye begi la mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za ukaguzi zinaweza kuiharibu.

Kupima mwanga bila kifaa

Kamera nyingi za bei nafuu hazina kipima mwanga. Simu inaweza kusaidia, kwani zipo programu za bure za kupimia mwanga. Bando likiisha au chaji ikikata, kanuni ya zamani inatosha. Kwa filamu ya ISO 100, shata ikiwa 1/125:

- Jua kali: f/16
- Mawingu mepesi: f/11
- Kivuli cha wazi, mfano barazani au pembeni mwa mwembe: f/5.6

Kanuni hii ina mtego. Vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa na watu waliozoea kupiga ngozi nyeupe. Mtu mweusi aliyevaa kanzu au shati jeupe juani akipimwa kwa ujumla, kipimo hudanganywa na nguo na uso hutoka kiza kitupu. Dawa yake ni kupima kwenye uso wenyewe, au kumhamishia kivulini na kufungua tundu la lenzi hatua moja zaidi, yaani f/4 badala ya f/5.6.

Filamu nyeusi na nyeupe husamehe mwanga ukizidi kidogo. Ukipungua, haisamehi: sehemu isiyopata mwanga haina kitu, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Saa nzuri za kupiga sura ni kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Mchana jua linakuwa utosini na macho yanageuka mashimo meusi. Shata ikishuka chini ya 1/60, kamera iwekwe kwenye stendi au juu ya kitu kisichotikisika.

Kusafisha filamu hatua kwa hatua

Mafundi wa studio waliita kazi hii kusafisha, na jina hilo bado linafaa. Vinavyohitajika ni tenki dogo la plastiki lenye rili, kipimajoto, kikombe cha vipimo, saa, dawa mbili na maji. Umeme si lazima.

Dawa ya kwanza ni developa, inayoitoa picha. Ya pili ni fiksa, inayoikaza isiharibiwe tena na mwanga. Developa za unga kama ID-11 au D-76 ni rahisi kusafirisha. Pakiti ya kutengeneza lita 1, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji wakati wa kazi, inasafisha filamu 4 kwenye tenki la nusu lita.

1. Gizani. Filamu itolewe kwenye karatasi yake na kuviringishwa kwenye rili katika giza totoro, kisha tenki lifungwe. Usiku, chumba kisicho na dirisha kinafaa, mwanya wa mlango ukizibwa kwa kitenge. Mkono ujizoeze kwanza mchana kwa filamu mbovu. Hatua hii ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Tenki likishafungwa, mengine yote hufanyika kwenye mwanga.

2. Developa. Nusu lita. Kwa FP4 Plus kwenye ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu, muda ni dakika 11 kwenye nyuzi 20 za joto. Tenki lipinduliwe mara 4 mwanzoni, kisha mara 4 kila dakika inapoanza.

3. Kusimamisha. Nusu lita ya maji safi, au maji yenye siki nyeupe kidogo, kwa kama nusu dakika.

4. Fiksa. Nusu lita, dakika 3 hadi 5 kwa fiksa ya haraka. Hii haimwagwi, hurudishwa chupani na kutumika kwa filamu 10 hivi.

5. Kuosha. Hapa ndipo maji huokolewa. Badala ya kuacha bomba likitiririka, kampuni ya Ilford inaelekeza hivi: jaza tenki, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, mwaga. Jumla ni lita 1 na nusu.

6. Suuza ya mwisho. Nusu lita ya maji yenye tone moja tu la sabuni ya maji, ili matone yasiache madoa. Kisha filamu ianikwe kwa vibanio vya nguo, kibanio kimoja chini kiwe uzito.

Ukijumlisha: developa nusu lita, kusimamisha nusu, fiksa nusu, kuosha moja na nusu, suuza nusu. Lita 3 na nusu.

Joto, mchanga na maji ya chumvi

Nyuzi 20 si joto la kawaida la maji Masasi mchana wa Novemba. Hapa mtungi wa udongo unafanya kazi ambayo wengine wanatumia friji. Maji ya mtunguni hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya kwenye udongo na kukauka nje. Tenki na chupa za dawa zikikaa ndani ya beseni la maji hayo, joto linashuka. Na kwa kuwa maji ya beseni hayajagusana na dawa, yanabaki kufulia.

Yakigoma kushuka hadi 20, si lazima kuacha kazi. Kwenye nyuzi 24, zile dakika 11 zinakuwa takriban 8. Majedwali ya mabadiliko haya hutolewa bure na watengenezaji. Cha kuepuka ni muda chini ya dakika 5, kwani picha hutoka na mabaka. Ndiyo sababu nyingine ya kuzimua developa nusu kwa nusu: kazi inakwenda polepole na joto halimkimbizi mtu. Dawa zote na maji ya kuoshea viwe na joto linalokaribiana.

Maji ya mvua yaliyokingwa na kuchujwa kwa kitambaa safi ni bora kuliko ya kisima yenye chumvi, hasa kwa suuza ya mwisho. Vumbi nalo lisisahaulike. Kiangazi, mchanga mwepesi huingia kila mahali na kunasa kwenye filamu mbichi. Chumba kinyunyiziwe maji sakafuni kabla, kisha mlango ufungwe mpaka filamu ikauke.

Hatari ambayo haifai kupuuzwa

Fiksa inafanana na maji. Developa nayo ikiwa mpya inafanana na maji. Katika nyumba yenye watoto, dawa hizi zisiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Chupa ziwe tofauti, zenye maandishi makubwa, kwenye sanduku lenye kufuli. Kikombe cha vipimo kisirudi jikoni.

Glavu zivaliwe, kwani developa nyingine huwasha ngozi, na dirisha lifunguliwe tenki likishafungwa. Fiksa iliyochoka ina madini ya fedha yaliyotoka kwenye filamu. Isimwagwe karibu na kisima, lambo wala bustani. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye alama na kupelekwa mjini kwa anayejua namna ya kuiteketeza, kama maabara au hospitali inayosafisha eksirei kwa njia ya zamani.

Simu bado ina kazi

Mashine ya kuchapishia picha kwenye karatasi inaweza kusubiri. Filamu ikikauka, ilazwe juu ya kioo kilichoinuliwa kidogo, chini yake iwekwe tableti au simu nyingine yenye skrini nyeupe. Picha ipigwe kwa simu kutoka juu, kisha programu ya kuhariri igeuze nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi. Dakika chache baadaye picha inaweza kutumwa kwenye kundi la familia au kuchapishwa stationari mjini.

Negativu zenyewe zikatwe vipande vya picha 3 au 4, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi safi, na kila bahasha iandikwe majina, mahali na tarehe. Bila majina, baada ya miaka 50 itakuwa picha ya bibi fulani tu.

Nani apigwe kwanza?

Ushauri wa kawaida ni kuanza na miti na nyumba, kwa kuwa havitikisiki. Filamu ya kwanza iende huko: picha 12, na kila picha iandikwe kwenye daftari shata ngapi, tundu ngapi, saa ngapi. Ikitoka mbovu, daftari litaonyesha kosa lilipo.

Filamu ya pili iende kwa wazee. Waombwe kwanza, kwa heshima yake: shikamoo, maelezo ya picha ni ya nini, na ahadi ya nakala. Ahadi hiyo itimizwe. Jando na unyago vina sehemu zake za siri. Hapo kamera haiingii, hata kama mwenye kamera ni mtoto wa nyumba.

Msimu wa korosho ukiisha na hela zikiwa mkononi, ndugu waliotawanyika hurudi nyumbani. Siku kama hiyo baraza linajaa vizazi vitatu au vinne. Picha 12 zinatosha, ilimradi filamu iwe ndani ya kamera na maji yawe kwenye mtungi.